Miaka 13 kwenye Caravan, sasa niende wapi?

*Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa ndege hapa uwanja wa Kisongo, Arusha. Nina umri wa miaka 38, kazini huu ni mwaka wa 13, karibu wote kwenye Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja. Nina diploma na leseni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, digrii sina. Tangu mwaka jana nimeomba kazi za uinjinia wa ndege Marekani na Ulaya zaidi ya mara 30 (orodha nimekuwekea), sijajibiwa hata moja. Je, nirudi chuo nikachukue digrii? Niende Uarabuni? Au nitulie hapa hapa? Mke wangu ni mwalimu Moshi, anauliza kama aanze kuandika barua ya kuacha kazi. – Msomaji, Ngaramtoni*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua 30 bila jibu zinavunja moyo, najua. Ila nimeipitia orodha yako, na kusema kweli ningeshangaa kama ungejibiwa. Nafasi 20 na kitu kati ya hizo si za kazi yako kabisa.

Tatizo linaanzia kwenye neno injinia. Kwetu, kama ilivyo Uingereza na nchi zilizorithi utaratibu wake, mwenye leseni ya kutengeneza ndege na kuisaini irudi angani anaitwa injinia, na leseni yenyewe inamwita hivyo. Marekani mtu huyo huyo ni makanika. Injinia wa ndege kwao ni yule aliyeko mezani anayepiga hesabu ya bawa, kwamba litapinda kiasi gani kabla halijavunjika, au anayeandika programu ya kuongoza roketi. Huyo lazima awe na digrii, na mara nyingi wanataka awe na ya pili. Hata hapa nyumbani wahandisi wa digrii wanaosajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi, ni kundi lao, wewe karatasi yako inatoka TCAA. Kwa hiyo uliomba kazi ya mchora ramani huku mkononi umeshika mwiko wa fundi mwashi. Aliyesoma maombi yako hakufika hata kwenye uzoefu.

Halafu kuna ukuta mwingine ambao hata digrii haiuvunji. Zile nafasi za roketi na ndege za kivita ulizoomba Marekani zinabanwa na sheria ya kulinda teknolojia ya kijeshi, ile inayojulikana kama ITAR. Kampuni haiwezi kumwonyesha mtu wa nje hata mchoro mmoja bila kibali cha serikali. Wanaoruhusiwa ni raia, mwenye ukaazi wa kudumu, na waliopewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, nayo huajiri raia wa nchi yake. Shirika la anga za juu la Ulaya, ESA, huchukua watu kutoka nchi wanachama. Ukikuta tangazo lina mstari unaotaka raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani, funga ukurasa ukanywe chai. Hakuna barua nzuri ya kuupita mstari huo.

Sasa tuje kwenye kazi inayokuhusu. Kila mwaka Boeing hutoa makadirio ya watu watakaohitajika kwenye usafiri wa anga. Ya mwaka 2025 yanasema dunia itataka mafundi wapya wapatao 710,000 ndani ya miaka 20. Boeing anauza ndege, na muuza ng'ombe mnadani hawezi kukwambia malisho yamekauka, kwa hiyo punguza hapo kadiri utakavyo. Hata ukikata nusu, inabaki namba ambayo vyuo vya Ulaya na Amerika haviwezi kuijaza, kwa sababu waliosaini ndege tangu miaka ya 1980 wanastaafu na vijana wao hawaupendi mkono wenye grisi.

Unachokidharau ni hicho ulicho nacho. Caravan ya kawaida inasukumwa na injini ya PT6A-114A ya nguvu za farasi 675, na zile za toleo la EX zina PT6A-140 ya 867. Injini za ukoo huu wa PT6 zimetengenezwa zaidi ya 50,000 tangu miaka ya 1960. Ziko kwenye King Air, PC-12, Twin Otter, ndege za kunyunyizia dawa mashamba, hata helikopta. Popote duniani penye uwanja mfupi, kisiwa, barafu au msitu, kuna PT6 inayovuta hewa kwa nyuma na kutema moshi kwa mbele, na kuna mtu anatafuta fundi anayeielewa.

Wewe umeipasua mara ngapi? Kwenye saa 1,800 hivi za kuruka unakagua sehemu ya moto, kwenye saa 3,600 inakwenda kufanyiwa ukarabati mkubwa. Katikati hapo unaifungua ikiwa bado puani mwa ndege, unavuta nusu ya mbele, unatazama vibao vya turbini vilivyoungua ncha na chungu cha moto kilichoanza kupata nyufa, halafu unaamua kipi kinarudi na kipi kinatupwa. Tena unafanya hivyo mahali pagumu. Kisongo iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Saa saba mchana, ndege imejaa watalii na mabegi yao ya kamera, rubani akidai nguvu ile ile ambayo angeipata Dar, joto la turbini linapanda kuliko lingepanda Dar. Ndege inatua Seronera, Serengeti, kwenye changarawe, inarudi ncha za propela zimeliwa na kompresa imelambwa na vumbi. Kesho yake inalala Zanzibar, asubuhi inadai kuoshwa chumvi.

Fundi aliyekulia kwenye hanga lenye viyoyozi Dubai huenda amegusa ndege kubwa mara 100 kuliko wewe. Lakini nadra sana ameamua peke yake, porini, saa kumi na moja jioni, rubani akitazama saa na wageni wakitazama jua linavyozama, kama ndege yenye propela iliyobonyea inaondoka au inalala. Hilo ndilo ungeliandika kwenye maombi yako. Wewe uliandika nini? "Mchapakazi, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Kila mtu anaandika hivyo, hata aliyefukuzwa kwa uvivu.

Anayetafuta mtu wa namna yako ni nani? Maldives wapo Trans Maldivian Airways, shirika kubwa kuliko yote duniani la ndege zinazotua majini, lenye makumi ya Twin Otter, kila moja na PT6 mbili zinazorushiwa maji ya chumvi kutwa. Wapo wanaorusha ndege kwa mkataba wa huduma ya anga ya Umoja wa Mataifa inayoendeshwa na WFP, shirika la chakula la Umoja huo, huko Sudan Kusini, Somalia na Kongo. Huko fundi wa Caravan ni mali, na kwa kawaida unakaa kazini wiki kadhaa kisha unarudi nyumbani kupumzika, jambo ambalo mwenye familia Moshi asilipuuze. Ipo Wilson, Nairobi, ambako karakana za Caravan zimebanana kama vibanda vya Soko la Kilombero. Ipo Canada ya kaskazini. Mimi mwenyewe nilianzia Wilson, na somo nililolipata pale kwa miaka mitatu nisingelipata kwenye digrii.

Lakini wote hao, tukiacha wachache, watakuuliza leseni. Hapa ndipo nataka uweke nguvu na pesa zako.

Leseni ya TCAA ni halali na inaheshimika, ila ukivuka Afrika Mashariki mara nyingi itabidi uibadilishe au uithibitishe upya. Inayofungua milango mingi zaidi ni ya EASA, wasimamizi wa usalama wa anga wa Ulaya, na kwa kazi yako daraja lake ni B1.1, ndege za injini za turbini. Haiulizi uraia. Inauliza mitihani na uzoefu. Mitihani imegawanywa kwa moduli, zikiwemo hesabu, fizikia, umeme, elektroniki, vifaa, kazi za mikono, tabia za binadamu kazini, sheria za anga, muundo na mifumo ya ndege, injini za turbini, propela. Kila moja unatakiwa upate asilimia 75, na ukishaipasi inadumu miaka 10, kwa hiyo huna haja ya kukopa VICOBA uifanye yote kwa mwaka mmoja. Fanya mbili, pumua, fanya nyingine mbili. Ushauri wangu ni uanze na moduli ya 15, injini, kwa sababu unaijua na ushindi wa kwanza unatia moyo. Hesabu na fizikia fanya katikati. Ya 11, ile ya muundo na mifumo, iache mpaka uwe umezoea aina ya maswali yao, maana ndiyo ndefu kuliko zote.

Kwa upande wa uzoefu, mtu asiye na mafunzo yoyote ya ufundi huombwa miaka 5, mwenye mafunzo ya ufundi 3, aliyetoka chuo walichokiidhinisha 2. Wewe una 13. Ila usijidanganye hapa: mamlaka nyingine za Ulaya hutaka sehemu ya uzoefu huo ipatikane kwenye karakana inayofuata utaratibu wao. Ulaya ina nchi nyingi na kila moja ina ofisi yake. Chagua nchi utakayoombea leseni, waandikie, wapeleke maelezo ya karakana yako, pata jibu lao kwa maandishi. Fanya hivyo kabla hujalipa mtihani hata mmoja. Na kumbuka Uingereza ilijitoa kwenye mfumo huo mwanzoni mwa 2021, leseni yake sasa ni nyingine.

Kijiweni utasikia kwamba Ulaya imetufungia, hivyo usihangaike. Ni kweli Air Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya Ulaya ya mashirika yaliyozuiwa Desemba 2024, na Juni 2025 wakaongezwa wote wenye cheti cha uendeshaji cha Tanzania. Orodha hiyo inahusu mashirika kurusha ndege zao kwenye anga ya Ulaya. Haimzuii Mtanzania kufanya mtihani wala kuajiriwa. Sitakudanganya kwamba haina athari: mwajiri akiona karakana uliyotoka, atauliza maswali zaidi. Jibu la maswali hayo ni logibuku, daftari lako la kumbukumbu za kazi ulizofanya.

Acha nikae hapa kidogo, maana ndipo mimi nilipoumia. Nilifanya kazi miaka minne kwenye kampuni moja ndogo, jina siliweki. Nilikuwa najua kazi zangu zimeandikwa kwenye kumbukumbu za ndege, basi nikaona inatosha, logibuku yangu binafsi ikawa inajazwa ninapokumbuka. Kampuni ikayumba, ndege zikauzwa, mkuu wa karakana akahamia nchi nyingine na simu yake ikawa haipatikani. Siku nilipotakiwa kuonyesha uthibitisho wa ile miaka minne, nilikuwa na picha za simu na barua moja ya ajira. Mwaka mmoja na nusu ndio waliokubali. Iliyobaki nikairudia, nikiwa na mvi.

Basi wewe, mwezi huu, siyo mwaka ujao, kaa na logibuku. Panga kazi kwa sura za ATA kama miongozo ya ndege inavyopangwa: 32 magurudumu na miguu, 27 usukani, 24 umeme, 61 propela, 71 hadi 80 injini. Andika tarehe, usajili wa ndege, namba ya kazi, ulichofanya kwa mkono wako, na kama ulisaidia au uliongoza. Mpelekee anayestahili kusaini wakati bado mnakunywa kahawa pamoja. Utaona mapengo, kwa mfano umebadilisha matairi mara 200 na mfumo wa umeme umeugusa mara 6. Pengo hilo ndilo la kumwomba bosi akupe kazi.

Kuhusu Uarabuni. Sikukatazi, nimekula mkate wao. Ila soma matangazo yao vizuri: wanataka leseni pamoja na kozi ya ndege maalumu uliyoisomea na kuitumikia, A320, 737, 777, 787. Caravan hawana habari nayo. Ukienda leo watakupa kazi ya msaidizi, utashika tochi na kumbebea vifaa kijana wa miaka 26 mwenye saini. Kwa mtu wa miaka 38 hilo linachoma, na mshahara wake ukishatoa kodi ya chumba na nauli si ule unaousikia.

Njia fupi ya kufika huko, ingawa inaonekana ndefu, inapita hapa hapa Kaskazini. Teremka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kwenye karakana ya KIMAFA, Air Tanzania hufanya matengenezo ya ndege zake, na shirika hilo lina Dash 8-400, A220, 737 MAX 9 na 787. Precision Air, ambayo wazee wa Arusha wanakumbuka ilizaliwa hapa mjini mwaka 1993, inarusha ATR. Dash na ATR zina propela na injini za Pratt & Whitney Canada, binamu wa PT6 yako, kwa hiyo huanzi sifuri. Ukipata kozi ya moja ya ndege hizo na miaka miwili ya kuisaini, maombi yako ya Uarabuni, au ya Addis Ababa ambako Ethiopian wana karakana kubwa, yatasomwa kwa jicho jingine. Huenda mshahara wa mwanzo ukawa chini ya unaopata sasa Kisongo. Na kampuni ikikulipia kozi itakufunga kwa mkataba wa miaka, usome kipengele cha kuvunja mkataba kabla ya kusaini. Wengi husoma cha mshahara tu.

Digrii? Kwa unachokitaka sasa, hapana. Miaka minne darasani ukiwa na watoto wa kulipia ada, ukitoka una 42, unashindana na vijana wa miaka 24 kwenye kazi za mezani, huku saini yako imepoa. Ungeniambia unataka kubuni ndege, au kufundisha, ningekujibu vingine.

Kitu kimoja hukuuliza, nami nakitaja kwa sababu magoti yangu yananikumbusha kila ninapopanda ngazi. Hutalala chini ya ndege mpaka miaka 60. Wenye uzoefu kama wako wanahamia ofisi zinazopanga ndege iingie hanga lini, kipuri gani kimebakiza saa ngapi, agizo gani jipya la usalama limetoka. Wanakuwa wakaguzi wa ubora, au wakaguzi wa mamlaka kama TCAA. Na kuna kazi ambayo watu wa Arusha hawaijui kabisa: ndege nyingi za mashirika ni za kukodi, na makampuni makubwa ya kukodisha yako Ireland. Ndege inaporudishwa kwa mwenyewe lazima mtu apitie makaratasi yake yote. Kipuri chenye ukomo wa maisha kinadaiwa historia yake tangu siku kilipotoka kiwandani, na kikikosa karatasi moja kinageuka chuma chakavu hata kama kinang'aa. Wanaopitia makaratasi hayo wengi wao walikuwa mafundi, na wanalipwa vizuri kwa kuwa na macho ya kuona saini isiyolingana. Anza kujipenyeza chumba cha kumbukumbu cha kampuni yako. Pale kwenu nadhani amekaa binti mmoja na makabati manne, atafurahi kupata msaidizi.

Matapeli nitawapitia haraka. Mwajiri wa kweli hakuombi pesa ya viza, ya vipimo wala ya "kushikilia nafasi". Hakuna leseni ya EASA ya kununua WhatsApp. Ukikamatwa na karatasi ya kughushi, hata hii ya TCAA utaiaga.

Mwisho shemeji yangu wa Moshi. Mwambie asiandike barua yoyote. Mpango ninaokupa unakuchukua miaka miwili hadi mitatu ukiwa bado unalala Ngaramtoni au Hai, na mshahara wake ndio utakaolipia moduli zako msimu wa mvua, ndege zikiwa chache na posho zikiwa zimekata. Ikitokea Maldives au Juba, ni kazi ya kwenda na kurudi, familia haihami. Ikitokea Uarabuni kwa mkataba wenye nyumba na ada za shule, hapo ndipo mkae muongee, na aombe likizo bila malipo kwanza.

Logibuku ikishapangwa, nitumie kurasa za sura ya 24 na 61 nizione. Hizo ndizo wakaguzi hufungua kwanza, angalau walionikagua mimi.